Bodi Ikinyamaza

Bodi yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo mwaka 2018. Niliivika soksi nikaizika katikati ya nguo, maana basi la Kakonko lilikuwa linalala njiani, na begi lako linalala na mabegi ya watu usiowajua. Kuanzia Nyakanazi lami ilikuwa ya vipande vipande, na kila gurudumu lilipoingia shimoni nililikumbatia begi kama mtu aliyebeba trei la mayai. Ndani mlikuwa na Raspberry Pi 3: kompyuta nzima juu ya ubao mmoja unaolingana na kadi ya benki, chipu ya viini vinne, ramu ya GB 1. Watengenezaji wake waliitangaza kwa dola 35, ambazo wakati ule hazikufika shilingi laki moja. Mimi nililipa laki moja na themanini nikajiona mjanja.

Mama aliigeuzageuza kiganjani. “Hiki ndicho ulichokisomea miaka mitatu?”

Niliichagua kama vijana tunavyochagua simu: nani anayo, ina kasi gani, ina ramu kiasi gani. Maswali hayo hayana ubaya kwa mtu anayetaka kutazama filamu. Mimi nilitaka kuukompaili mfumo endeshi na kuujaribu, na kwa kazi hiyo hakuna hata moja kati ya hayo linalostahili kutangulia. Ilinichukua miaka miwili na bodi moja iliyojeruhiwa kulijua hilo, na aliyenifundisha ni fundi redio ambaye hajawahi kumiliki kompyuta.

Nieleze kwanza nilikuwa natafuta nini. Kwetu Kasanda kulikuwa chini ya Wilaya ya Kibondo kabla Wilaya ya Kakonko haijaanzishwa mwaka 2012, na mpaka nilipotoka chuoni nyumbani kwetu mwanga ulitoka juani au kwenye kibatari. Shule moja ya jirani ilipewa msaada wa kompyuta kumi zilizochoka. Umeme wa jua ulipokatika ghafla, mashine mbili tatu zilikataa kuwaka tena, kwa kuwa mfumo wake ulikuwa katikati ya kuandika kitu kwenye diski. Nilikuwa nimesoma habari za shule za Karatu zilizowekewa maabara za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa jua. Nikajiambia: nitajenga Linux ndogo mwenyewe, kutoka kwenye msimbo wake, iwe inasoma tu memori kadi bila kuiandika, ili hata waya ukichomolewa mara mia kwa siku isiharibike. Juu yake nitaweka Wikipedia ya Kiswahili na vitabu vya masomo. Na itakapokuwa inawaka, itazungumza Kiswahili. Hilo la mwisho lilikuwa la kiburi kidogo, ila halikuwa ndoto tupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, nikiwa bado naswaga mbuzi.

Kukompaili, kwa asiyejua, ni kuyageuza maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma yawe amri ambazo chipu inaweza kuzitenda. Kerneli ya Linux peke yake, yaani kiini cha mfumo, ina zaidi ya mistari milioni 20 ya msimbo. Nyingi ni za vifaa ambavyo hutaviona maishani mwako, na unaziacha, lakini zinazobaki zinatosha kuitoa jasho mashine ndogo. Nilipakua faili lake lililobanwa, kama MB 100, kwa kifurushi cha usiku, nimesimama kwenye kichuguu nyuma ya shamba la muhogo ambako mtandao ulikuwa unafika vizuri.

Kazi yenyewe niliifanyia kwa yule mzee fundi redio, kwa sababu alikuwa na betri kubwa ya jua. Kibanda chake kilinuka risasi iliyoyeyuka na mbao za zamani, na Redio Kwizera kutoka Ngara ilikuwa haizimwi. Nikachomeka bodi kwenye chaji ya simu, nikapiga amri ya kuanza, tukakaa.

Baada ya dakika ishirini kompaila ikafa. Nikaanza upya, ikafa tena. Mara ya tatu ikafika mbali kidogo, ikafa. Nilifungua faili la msimbo lililotajwa kwenye ujumbe wa kosa nikalisoma kama mchungaji anayetafuta mstari, nikiamini nimegusa kitu nisichopaswa kugusa. Mzee hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akinitazama mimi.

“Inakwama pale pale kila mara?”

“Hapana mzee. Kila mara faili jingine.”

“Basi si maandishi yako hayo. Redio ikikohoa mahali pamoja, kuna sehemu mbovu. Ikikohoa kila mahali, ina njaa.”

Akachukua mita yake. Kwenye tundu la chaji ilisoma volti 5 na kitu. Akahamisha ncha zake hadi kwenye pini za bodi yenyewe, kazi ikiwa inaendelea, ikasoma 4.5. Nusu volti ilikuwa inapotelea ndani ya waya mwembamba wa mita moja na nusu ambao nilipewa bure nikashukuru.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Pi hulalamika ikishuka chini ya volti 4.63, hujipunguza kasi hadi megahezi 600, yaani nusu ya mwendo wake, na kwamba kuna amri ya kuiuliza hali yake. Nilipoiuliza ikajibu 0x50005, ambayo kwa lugha yake ni: sasa hivi nina njaa, sasa hivi nimepunguzwa kasi, na hayo yote yamenitokea tangu niwake. Ilikuwa inasema muda wote. Mimi sikujua pa kutega sikio. Lakini kanuni ya mzee ndiyo niliyoibeba mpaka leo: kosa linalorudi kwenye faili lile lile ni la msimbo, kosa linalohamahama ni la umeme, joto au ramu.

Tukatupa chaji. Mzee alikuwa na kishusha volti, kile kidude kinachochukua volti 12 za betri na kuzifanya 5. Akanifungia kwa waya mfupi mnene uliotoka kwenye pikipiki. Usiku ule kerneli ilikwisha kwa saa mbili na robo. Nilipiga kelele hadi mbwa wakaamka.

Hesabu ya betri naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyonifanya niendelee kuzipenda bodi hizi hata baada ya kunitesa. Betri ya N70 ina ampea-saa 70. Zidisha kwa volti 12 upate wati-saa 840. Usiimalize, tumia nusu, 420, la sivyo mwaka haupiti kabla hujanunua nyingine. Bodi inayokompaili kwa nguvu zake zote hula wati 6 au 7, kwa hiyo betri moja inakupa saa sitini za kazi mfululizo bila jua. Kompyuta ya mezani ya kawaida ingeimaliza akiba hiyo kabla ya chakula cha mchana. Na ukipitisha umeme kwenye inverta ili uupandishe hadi 230 kisha uushushe tena kwa chaji, unalipa ushuru mara mbili kwenye mpaka mmoja.

Kerneli ilikubali. Mfumo mzima ulikataa. Ukitaka kuujenga mfumo kutoka mwanzo, mahali fulani lazima uikompaili kompaila yenyewe, na hiyo ni mlafi. Nilipoigawa kazi kwa viini vyote vinne, ramu ya GB 1 ilijaa, na kerneli, ikitetea uhai wake, ikamuua mlaji mkubwa kuliko wote. Kwenye kioo linabaki neno moja tu la Kiingereza la kusema kwamba kauawa, na kimya. Nikapunguza hadi kiini kimoja, nikaongeza ramu ya bandia kwenye memori kadi. Siku mbili. Kisha kadi ikafa, maana memori kadi haikuumbwa kuandikwa na kufutwa usiku kucha kama ubao wa darasani. Nikanunua nyingine Kibondo mjini, imeandikwa GB 64, kwa bei iliyopaswa kunitia shaka. Programu iitwayo F3, ambayo huijaza kadi kisha kuisoma tena iangalie kama kilichoandikwa kipo, ilinionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na GB 8 tu na maneno matamu.

Hapo ndipo nilipokutana na historia ambayo ningeisoma kabla ya kwenda Kariakoo ningebaki na hela zangu. Mwaka 2012, Pi ya kwanza ilipotoka ikiwa na ramu ya MB 256, Mike Thompson na Peter Green waliamua kuijengea upya Debian nzima, yaani Linux kamili yenye maelfu ya vifurushi vya programu. Ndiyo iliyoitwa Raspbian. Hawakuikompaili kwenye Pi. Walitumia kundi la bodi nyingine, za Freescale i.MX53, zilizokuwa na ramu ya GB 1 kila moja. Waliomjengea mdogo nyumba hawakumbebesha matofali yeye. Na Linus Torvalds mwenyewe, Januari 1991 huko Helsinki, hakuanza kwa mashine ya wastani: alinunua kompyuta ya 386 kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na Linux ya mwanzo aliikompaili ndani ya Minix, mfumo wa mtu mwingine.

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimekwenda dukani kutafuta kitu kimoja wakati nilihitaji viwili. Mashine ya kukompaili huchaguliwa kwa ramu, diski inayostahimili kuandikwa, na umeme usioyumba. Mashine ya kujaribia huchaguliwa kwa mambo mengine kabisa, nitayafikia. Niliuza magunia mawili ya maharage (ya mama, kwa idhini yake, na kwa deni ambalo bado linatajwa sikukuu zikifika) nikanunua laptopu ya mtumba ya i5 nikaiongezea ramu hadi GB 8. Humo nikaweka Buildroot, ambayo ni seti ya maelekezo inayojenga kompaila ya kigeni kwanza, yaani inayokaa kwenye chipu ya Intel lakini inaandika amri za ARM, aina ya chipu iliyo kwenye Pi, kisha kwa kompaila hiyo inajenga mfumo mzima. Kerneli ya saa mbili ikawa ya nusu saa. Nilipoipunguza vifaa visivyotuhusu ikawa dakika kumi.

Sasa kujaribu. Unakompaili, unaandika kadi, unaichomeka, unawasha. Kwenye Pi kinachoamka kwanza si chipu yako ya ARM. Ni sehemu ya picha, kwa programu ya Broadcom ambayo huruhusiwi kuona ndani yake. Hiyo ndiyo inayosoma kadi na kuiamsha nyingine. Inachora mraba wa rangi za upinde wa mvua. Kisha inaikabidhi kerneli yako kazi. Kama kerneli yako ina kasoro, upinde unafutika na kioo kinabaki cheusi. Umekosea nini? Cheusi. Umefika wapi? Cheusi. Nilikaa na weusi huo wiki tatu, nikibadilisha mstari mmoja, kuandika kadi, kutazama upinde.

“Redio ikinyamaza,” mzee alisema akichokonoa yake, “sianzi kubadilisha vitu. Naiuliza. Naweka ncha hapa, nasikia kama umeme unapita. Naweka hapa, nasikia kama sauti imefika. Hiyo yako ikinyamaza unaiulizaje?”

Sikuwa na jibu, na swali hilo ndilo ningependa kila anayeingia dukani alitangulize. Jibu lipo na ni la bei ya soda chache: laini ya siriali. Nyaya tatu. Pini ya 6 ni ardhi, ya 8 bodi inasema, ya 10 bodi inasikia. Upande wa pili kidude cha kuchomeka kwenye USB ya laptopu. Kerneli hutema maneno kupitia nyaya hizo tangu sekunde zake za kwanza, muda mrefu kabla ya kujua kwamba duniani kuna kioo. Kwenye Pi 3 lazima uandike mstari mmoja kwenye faili la usanidi, enable_uart=1, la sivyo yanakuja makorokoro, kwa sababu laini nzuri ya siriali amepewa Bluetooth na iliyobaki inayumba pamoja na kasi ya chipu. Nilipata kidude hicho kwa basi kutoka Dar, nikakichomeka kwa pupa jioni ile ile. Kilikuwa na kiruko kidogo cha kuchagua volti: 3.3 au 5. Kilikuwa kwenye 5. Pini za Pi hazivumilii zaidi ya 3.3. Hakuna wa kumlaumu. Maandishi yalikuwepo pembeni ya kiruko, madogo lakini yanasomeka, na mimi nilikuwa na haraka.

Hakukuwa na moshi. Maneno yalianza kumiminika kwenye kioo cha laptopu, mistari na mistari, nikaona kerneli yangu inavyoamka, inavyotafuta kadi, inavyoikosa, kwa kuwa nilisahau kuiingizia dereva wake. Wiki tatu za weusi zilikwisha kwa mstari mmoja. Nilifurahi mno hata sikugundua mpaka kesho yake kwamba ninachoandika mimi hakifiki. Pini ya 10, ile ya kusikilizia, ilikuwa imeungua. Bodi inasema, haisikii.

Mwishoni mwa 2020 nilienda kununua ya pili nikiwa na maswali mengine. Naweza kupata kitabu cha chipu yake na kukisoma bila kumwomba mtu? Hapo BeagleBone Black inazishinda karibu zote: chipu yake ya Texas Instruments ina kitabu cha wazi cha kama kurasa elfu tano, ina pini sita za siriali zilizotengwa kwa kazi hiyo tu, na mfumo unaweza kukaa kwenye hifadhi iliyochomelewa ubaoni badala ya kadi ya kudanganywa. Kwa mtu anayeandika kerneli yake mwenyewe, hiyo ndiyo ningemnunulia. Lakini ramu yake ni MB 512, kwa hiyo usiibebeshe kukompaili; na Kariakoo nzima sikuiona. Swali la pili: ikiungua, nyingine nitaipata wapi na kwa siku ngapi? Hilo ndilo lililonirudisha kwa Pi, wala si mapenzi. Nilichukua Pi 4 ya GB 4, ambayo mwaka ule ilikuwa imeanza kuweza kuwaka kutoka diski ya USB bila kadi kabisa.

Na zipo siku ambazo jibu ni kutonunua. Chuo cha MIT, ambacho hufundisha kwa mfumo mdogo uitwao xv6, kiliuhamishia kwenye chipu za RISC-V mwaka 2019, na wanafunzi huuendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza mashine nzima ndani ya laptopu. Kijana wa Kasulu mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuandika mfumo endeshi kwa miezi sita bila kugusa bodi yoyote. QEMU huiigiza hata Pi 3. Haiigizi waya mwembamba, kadi ya uongo, wala radi ya mwezi wa Novemba kwetu huku, ambayo ikianza kunguruma unachomoa kila kitu kabla hujaingiza kuni.

Kwa hiyo kukompaili kwenye bodi yenyewe ni upumbavu? Miaka ile ningejibu ndiyo. Watu wa mfumo endeshi wa NetBSD wangekubaliana nami. Hati yao ya build.sh inajenga mfumo wa mashine yoyote ukiwa juu ya mashine yoyote. Watu wa OpenBSD hawataki kusikia: kila aina ya mashine ijikompaili yenyewe, basi. Nilidhani ni ukaidi. Kisha Pi 4, ambayo tulikuwa tumeiweka kwenye ile shule ya jirani, ikaanza kuganda mara moja kwa wiki, bila sababu, na majaribio yangu yote ya dakika tano yalipita. Nikaiacha ijikompaili usiku kucha, viini vyote vinne, diski ikisaga, joto likikaribia nyuzi 80 ambapo hujipunguza kasi yenyewe. Saa nane usiku ikaganda, na siriali ikanionyesha diski ya USB imetoweka sekunde moja kabla. Waya wa diski. Hakuna jaribio la kuandika kwa mkono lingeiweka mashine kwenye dhiki ya namna ile. Tangu hapo kazi ya kila siku naikompaili kwenye laptopu, na kabla ya kuupeleka mfumo shuleni bodi inajikompaili usiku mmoja mzima. Watu wa OpenBSD niliowaona wakaidi, usiku huo nawafuata.

Gridi ya taifa ilipoingia kwetu nyanda za juu mwaka 2022, na majenereta ya dizeli ya Kasulu kuzimwa, wengi waliuza betri zao. Mzee hakuuza. Umeme wa gridi nao hukatika, na bodi inayojaribiwa usiku inapenda betri katikati.

Pi 3 iliyoungua pini haijatupwa. Mashine ya majaribio haihitaji kuambiwa kitu. Inahitaji kuwashwa, kuzimwa, na kusikilizwa. Imepigiliwa ukutani pale kibandani juu ya rafu ya vipaza sauti, na rilei moja huikata umeme na kuirudisha mara mia kwa usiku, kama zile kompyuta kumi zilivyokuwa zikikatwa, huku laptopu ikihesabu ni mara ngapi imefika mwisho salama. Mstari wa mwisho nilioupanga utoke kwenye siriali mfumo ukishakaa sawa ni neno moja: Nimeamka. Mzee amelizoea. Akifungua kibanda asubuhi na kulikuta limejaa kwenye kioo, hukohoa, hutundika koti lake, na kuijibu kwa Kiha, ingawa nimeshamweleza kwamba haisikii.

“Mwakeye.”